Uzi: Sauti inakunja kona, mwanga haukunji. Tuongee mawimbi

#1 Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Mada ya mawimbi ikiletwa humu huwa inaishia kwenye sentensi ile ile ya darasani: sauti ni wimbi, mwanga ni wimbi, mwanga una kasi zaidi, ndiyo maana umeme wa radi unauona kwanza na ngurumo inafuata. Sawa, ni kweli. Hesabu sekunde, gawanya kwa tatu, unapata radi imepiga kilomita ngapi kutoka ulipo. Lakini hapo tunakuwa hatujagusa kitu.

Mimi nataka tuanze na swali ambalo mtoto anaweza kuuliza na mtu mzima akajikuna kichwa. Mtu akiongea chumba cha pili, mlango uko wazi, namsikia. Simwoni. Kama vyote viwili ni mawimbi, kwa nini kimoja kinakunja kona na kingine kinagoma?

Jibu ni ukubwa wa wimbi. Wengi wanashabikia kasi, lakini nikiambiwa nichague namba moja tu ya kujua kuhusu wimbi lolote, nachagua urefu wake. Kasi wachukue wengine.

Urefu wa wimbi ni umbali kutoka kilele hadi kilele kinachofuata. Kwenye sauti hakuna kilele cha kuona kwa macho: ni umbali kutoka mahali hewa ilipobanwa hadi mahali pengine ilipobanwa, katikati yake hewa ikiwa imelegea. Unaupata kwa kugawanya kasi kwa masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Kwenye hewa ya nyuzijoto 20 sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Mwanamume mwenye sauti nzito anaongea kwenye masafa ya 120 Hz hivi, yaani mitikisiko 120 kwa sekunde. Gawanya: karibu mita 3.

Sasa mlango wa kawaida haufiki upana wa mita 1. Wimbi la mita 3 likipenya hapo, likitokea upande wa pili linasambaa kila upande, kana kwamba mlango wenyewe ndio unaoongea. Hata ukijibanza pembeni linakukuta. Mwanga wa kijani una urefu wa nanomita 550 hivi. Ndani ya milimita moja unapanga mawimbi 1,800 ya aina hiyo. Kwa kitu kidogo kiasi hicho, mlango ni uwanja mpana usio na kingo. Kinapita moja kwa moja, na pembeni kinabaki kivuli.

Kabla hamjaanza kunirukia: ndiyo, sehemu ya sauti unayoisikia imegonga kuta na dari ndipo ikakufikia, na nyingine imepenya ukuta wenyewe. Lakini fanyeni jaribio hili. Simama nje ya mlango, pembeni kabisa, watu wakiongea ndani kwa sauti ya kawaida. Sikiliza kinachokosekana. Unajua kuna mazungumzo, unajua nani ni nani, ila maneno hayakamatiki vizuri. Zinazopotea kwanza ni herufi za kukwaruza kama "s", "sh" na "f". Nguvu kubwa ya "s" iko kwenye masafa ya juu, 6,000 Hz na kuendelea, ambapo urefu wa wimbi ni sentimita 5 au 6 tu. Hayo mawimbi madogo yanaanza kuwa na tabia za mwanga: yanapiga mbele, hayazunguki.

Na mwanga nao ukiubana vya kutosha utazunguka. Weka vidole viwili karibu sana na jicho, viache upenyo mwembamba kama unywele, tazama taa ya mbali. Ndani ya ule upenyo utaona mistari myeusi myembamba imejipanga sambamba na vidole. Watu wengi wanadhani ni kope zao. Hapana. Mwanga umesambaa kwenye upenyo, mawimbi yakakutana yenyewe kwa yenyewe: kilele kikikutana na kilele panang'aa, kilele kikikutana na bonde panakuwa giza. Thomas Young alijenga hoja yake juu ya jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1800, na kundi kubwa la wanasayansi wa Uingereza halikutaka kumsikia, kwa sababu Newton alishasema mwanga ni chembechembe.

Kilichomaliza ubishi kwa wengi kilitokea Ufaransa, na mimi nakipenda kuliko kisa chochote cha fizikia. Chuo cha Sayansi cha Paris kiliitisha shindano kuhusu tabia hii ya mwanga. Augustin Fresnel akapeleka hesabu zake za mawimbi. Mmoja wa majaji, Siméon Poisson, alikuwa upande wa chembechembe. Akazichambua zile hesabu hadi akafika mahali alipodhani amezikaba koo: akasema, kama Fresnel yuko sahihi, basi kivuli cha kisahani cha duara kitakuwa na doa la mwanga katikati yake kabisa, mahali penye giza kuliko pote. Upuuzi mtupu. Jaji mwenzake, François Arago, hakubishana. Alitengeneza jaribio, akatazama, na doa likawepo. Fresnel akachukua tuzo mwaka 1819. Na doa lenyewe mpaka leo linaitwa kwa jina la Poisson, mtu aliyelileta ili kulikanusha!

Karibuni. Maswali ya msingi yasiogopwe.

#2 Kinubi

Nimevuta kigoda mbele kabisa. Ila mkuu, mbona umeruka redio? Mawimbi ya redio ni sauti na yanavuka nchi. Sauti yangu mimi hata nikipayuka haifiki mbali. Hapo unasemaje?

#3 Mtoa mada

Mkuu Kinubi, asante, maana hili linawachanganya watu wengi sana.

Mawimbi ya redio si sauti hata chembe. Ni ndugu wa tumbo moja na mwanga. Tofauti yao ni urefu tu. Kama jicho lingekuwa na uwezo wa kuyapokea tungeyaita rangi. Mtangazaji akiongea, maikrofoni inapokea mitikisiko ya hewa na kuigeuza umeme. Mtambo unaupandisha ule umeme kwenye wimbi la redio, linaondoka kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde kasoro kidogo. Redio yako inalipokea, inachuja, inaitikisa spika, na hapo ndipo sauti inazaliwa upya. Huko njiani kote hapakuwa na sauti yoyote.

Na tazama urefu. Kituo cha FM kwenye 100 MHz, yaani mitikisiko milioni 100 kwa sekunde, kinatoa mawimbi ya mita 3, sawa kabisa na ile sauti nzito ya mwanamume. Ndiyo maana redio inashika ndani ya chumba ambako mnara huuoni. Masafa ya kati, kwenye kilohezi 1,000, wimbi ni mita 300, hilo linapanda kilima na kushuka nalo.

Kuna kituko kimoja cha kihesabu hapa. Mtu aliyekaa mita 10 kutoka kwa msemaji ukumbini anapokea sauti baada ya milisekunde 29. Msikilizaji wa redio aliye kilomita 1,000, sikio likiwa karibu na spika, wimbi linamfikia kwa milisekunde 3 na kidogo. Ukiacha mitambo ya kidijiti ambayo huchelewesha, wa mbali anasikia kabla ya aliye ukumbini.

#4 Mbishi_Mwema

Nimesoma, nimeelewa, lakini nina la kupinga. Hukugusa kabisa vitu vigumu. Sauti inakwenda haraka kwenye maji kuliko hewa, na haraka zaidi kwenye chuma, kwa sababu ni vizito, chembe zimesongamana. Mwanga nao kwa mantiki hiyo hiyo uende haraka kwenye maji. Mbona tunaambiwa unapungua kasi?

#5 Mtoa mada

Mbishi umetimiza jina lako, na hoja yako ina sehemu mbili, tuzitenganishe.

Kwanza uzito. Uzito hausaidii sauti, unaichelewesha. Kinachoisukuma ni ukakamavu wa kitu, yaani kinavyokataa kubanwa na kinavyorudi haraka kikishabanwa. Chuma cha pua ni kizito, ndiyo, lakini ukakamavu wake umezidi uzito kwa mbali, ndipo sauti inapata zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde. Chukua madini ya risasi. Ni mazito kuliko chuma lakini laini, na sauti ndani yake haifiki nusu ya kasi ya kwenye chuma. Hoja ya msongamano imekufa hapo.

Hewa nayo ina siri yake. Sauti hewani inabebwa na molekuli zinazogongana, na molekuli za hewa ya kawaida zinaruka kwa wastani wa mita 470 kwa sekunde hivi. Habari haiwezi kumzidi mbio anayeibeba, kwa hiyo sauti inabaki chini ya hapo kidogo. Ukiipasha hewa joto, molekuli zinaongeza mwendo, na sauti nayo inaongeza kama mita 0.6 kwa kila nyuzi moja. Ndiyo maana usiku uliotulia unasikia vya mbali. Hewa ya chini imepoa, ya juu ina joto zaidi, wimbi linakimbia juu kuliko chini, basi linajipinda kurudi ardhini badala ya kupotelea angani. Mchana jua likiwaka hali inageuka, sauti inapinda kwenda juu. Watu husema usiku ni kimya tu. Ukimya unachangia, sikatai, ila haumalizi maelezo.

Sasa mwanga. Mwanga hauhitaji kitu cha kubonyezana. Kwenye ombwe, yaani mahali pasipo na kitu, ndiko una kasi yake kamili, mita 299,792,458 kwa sekunde. Ukiingia kwenye maji unakuta elektroni za kila atomu, unazitikisa, nazo zinatoa mawimbi yao yanayochanganyika na lile la kwanza, na mchanganyiko wote unasonga polepole: kilomita 225,000 kwa sekunde majini, 200,000 hivi kwenye kioo. Kwa hiyo maji yanaiharakisha sauti na kuuchelewesha mwanga. Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa kwenye ule ugomvi wa chembechembe, kwa sababu nadharia ya Newton ilitaka mwanga uongeze kasi majini. Léon Foucault alipima mwaka 1850. Ulipungua.

Kasi ya sauti majini ilipimwa mapema zaidi, na waliopima walitumia mwanga kama saa ya kuanzia. Mwaka 1826, Ziwa Geneva, usiku. Jean-Daniel Colladon, aliyeshirikiana na Charles Sturm kwenye kazi hiyo, alikuwa kwenye mashua moja. Mashua nyingine ilikuwa zaidi ya kilomita 13 kutoka kwake. Chini ya ile ya mbali ilining'inizwa kengele ndani ya maji. Nyundo yake ilifungwa kwenye mtaimbo ambao, ukishushwa kugonga, ule ule unawasha baruti juu ya mashua. Colladon alikaa ameshika saa, sikio kwenye bomba refu ambalo mdomo wake mpana ulizamishwa majini. Akiona mwako, anabonyeza. Akisikia mlio, anabonyeza tena. Katikati zilipita sekunde 9 na ushei. Akapata mita 1,435 kwa sekunde kwenye maji ya nyuzi 8, na vipimo vya leo vinatofautiana naye kwa mita chache tu.

Bomba lile halikuwa pambo. Sauti haipendi kuvuka kati ya maji na hewa: ikigonga uso wa maji, sehemu moja tu kati ya elfu ya nguvu yake ndiyo inayopita, iliyobaki inaakisiwa. Ukizama kidogo tu bwawani, wanaoongea juu wanageuka mabubu.

#6 Mzee wa Maabara

Mtoa mada umefanya kazi nzuri, niongeze lililosahaulika. Mnaongea kana kwamba haya mawimbi yanatikisika namna moja. Sauti hewani inasukuma mbele na nyuma, kwenye mstari ule ule inaoelekea. Mwanga unatikisika kwa kukingama na njia yake.

Ushahidi uko kwenye miwani ya jua ya aina inayochuja mng'ao. Chukua lenzi mbili za miwani hiyo, zipishanishe, kisha zungusha moja taratibu. Kwenye robo ya mzunguko giza linaingia, ukiendelea mwanga unarudi. Hakuna kichujio cha namna hiyo kwa sauti ya hewani, kwa sababu wimbi linalosukuma mbele na nyuma ni lile lile hata ulizungushe vipi.

Ila ndani ya mwamba sauti inapata aina zote mbili. Tetemeko la ardhi linatoa mawimbi ya kusukuma, yanafika kwanza, na ya kukingama yanafuata. Haya ya pili hayapiti kwenye kimiminika, maana kimiminika ukikisukuma kwa ubavu hakirudi mahali pake. Richard Oldham aliona dalili za kiini cha dunia kwenye rekodi za matetemeko mwaka 1906. Harold Jeffreys mwaka 1926 akaonyesha kwamba kiini hicho ni kimiminika. Miaka kumi baadaye, 1936, Inge Lehmann akaja na hoja kwamba katikati yake kuna kiini kingine tofauti, ambacho leo tunajua ni kigumu. Hakuna aliyechimba. Walisikiliza tu.

#7 Mbishi_Mwema

Mzee, nimekuelewa, lakini umeniongezea tatizo. Sauti inatikisa hewa. Mwanga unatoka juani, njiani hakuna hewa, hakuna maji, hakuna mwamba. Unakingamana na nini? Unatikisa NINI?

#8 Mtoa mada

Hilo swali liliwatesa watu wenye akili kuliko sisi karibu karne nzima. Walidhani lazima kuwe na kitu kimejaa angani, wakakiita etha. Kiwe kikakamavu kuliko chuma ili mwanga upate kasi ile, na papo hapo kiwe chepesi hata sayari zipite bila kukwama. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley walitafuta upepo wake, maana dunia inapoizunguka jua lazima etha ionekane ikipita. Hawakupata cha maana.

Jibu lilikuwa limeshaandikwa na James Clerk Maxwell mwaka 1865, ingawa yeye mwenyewe aliamini etha ipo. Kinachotikisika ni uga wa umeme na uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya umeme au ya sumaku inafanya kazi. Umeme ukibadilika unazaa sumaku, sumaku ikibadilika inazaa umeme, wanapokezana namna hiyo wakisonga mbele. Havihitaji kitu cha kukanyaga. Alipokokotoa kasi ya mpokezano huo kutoka vipimo vya maabara vya umeme na sumaku, ilitoka kasi ya mwanga. Heinrich Hertz akayatengeneza mawimbi hayo kwa mtambo miaka ya 1887 na 1888, na ndiyo haya haya ya redio tuliyoongea juu.

Kwa hiyo mwanga wa jua unafika baada ya dakika 8 na sekunde 20. Kama pangekuwa na hewa njia nzima na sauti ikapita, tungesubiri miaka 14 hivi.

Wale mtakaoleta habari za Einstein na fotoni, najua. Mwanga ukipokelewa unapokelewa kwa vifungu vizima vya nishati, hilo lipo tangu 1905 na halifuti mawimbi. Likianza hapa uzi utatekwa, lifungulieni wake.

#9 Nota_Tano

Mimi ni mtu wa muziki, fizikia niliikimbia. Mkinipigia nota tatu kwa pamoja kwenye kinanda ninazitambua zote tatu. Kwa nini rangi tatu zikichanganywa sioni tatu, naona moja?

#10 Mtoa mada

Swali bora la uzi mpaka sasa, na mimi kura yangu iko kwa sikio.

Ndani ya sikio kuna utando mrefu uliojikunja kama konokono. Mwanzo wake unaitikia masafa ya juu, mwisho wake ya chini, na kila kipande kina neva zake. Nota tatu zikiingia zinatikisa sehemu tatu tofauti, ubongo unapata taarifa tatu. Jicho lina aina tatu tu za chembe za kutambua rangi, basi, na kila aina inapokea eneo pana. Mwanga wa njano halisi unaziamsha aina mbili kwa uwiano fulani. Mwanga mwekundu na wa kijani vikija pamoja vinaziamsha mbili hizo hizo kwa uwiano ule ule. Jicho halina namna ya kujua kwamba limedanganywa. Skrini unayosomea sasa hivi haina taa ya njano hata moja, ina nyekundu, kijani na bluu. Aliyependekeza wazo hilo la aina tatu, mwaka 1802, ni Thomas Young yule yule.

Na upana nao utazame kwa lugha yako. Sikio changa linasikia kutoka 20 Hz hadi 20,000 Hz, mara elfu moja, yaani oktava kumi hivi (kila oktava masafa yanakuwa mara mbili). Jicho linaona nanomita 380 hadi 750. Mara mbili. Oktava moja!

Ila jicho lina lake la kujivunia. Mawimbi yake ni madogo, kwa hiyo linachora mahali: hiki kiko hapa, kile kiko pale. Sikio kwenye hilo linabahatisha tu.

#11 Kinubi

Sasa kama mawimbi madogo ndiyo yanayochora vizuri, mbona popo na mashine ya ultrasaundi vinaona kwa sauti? Na ile jeli ya baridi ya hospitali ni ya nini?

#12 Mtoa mada

Vinaichukua sauti na kuifanya fupi. Popo wengi hutoa milio kati ya 20,000 na 100,000 Hz. Kwenye 100,000 wimbi lina milimita 3 na kidogo, saizi ya mdudu mdogo, ndipo mdudu anarudisha mwangwi. Ultrasaundi inakwenda mbali zaidi: mamilioni ya Hz. Mwilini sauti ina kasi ya mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye MHz 5 wimbi ni milimita 0.3. Lakini masafa yakipanda, nyama inayameza haraka. Ndiyo maana kutazama tumbo mtaalamu anashuka MHz 2 hadi 5 na kukubali picha isiyo kali sana, na tezi ya shingo, ambayo iko karibu na ngozi, anapanda MHz 10 au zaidi.

Jeli ni kwa sababu ya lile la bwawa. Kifaa kikiacha hata utando mwembamba wa hewa kati yake na ngozi, karibu sauti yote inaakisiwa kabla haijaingia mwilini. Jeli inaondoa hewa.

#13 Nota_Tano

Kumbe popo angekuwa na besi kama yangu angekuwa anajigonga ukutani kila siku.

#14 Mtoa mada

Ukuta angeusikia, ni mpana. Mbu ndio wangepona.